Watoto wa Machimboni: Nani Anayewatawala?

(Somo hili lilisomwa redioni kwa ajili ya vikundi vya elimu ya watu wazima. Kiongozi wa kikundi alisome kwa sauti, polepole, asimame mwisho wa kila sehemu na kuuliza kama wote wamefahamu. Maswali yako mwisho.)

   Wenye kazi za mkono waendelee nazo. Masikio tu ndiyo tunayoyataka.

Somo letu la leo linahusu watoto wanaoishi peke yao penye machimbo madogo ya dhahabu, hasa huku Geita na Shinyanga. Habari ya dhahabu yenyewe tutaipitia kwa haraka. Twataka kutazama jambo ambalo wengi wetu tunalipita njiani bila kugeuza shingo: watoto hao wakikaa pamoja bila baba wala mama, hutawalana. Mmoja huwa mkubwa, na wengine huwa kama watumwa wake. Basi tutajiuliza mambo matatu. Utawala huo huzaliwaje? Humpotezea mtoto kitu gani? Na nani mwenye uwezo wa kuuvunja?

1. Mahali penyewe

Wenyeji wa Geita mwaijua habari hii, lakini wako wasikilizaji wa Lindi na Tanga wasiopata kufika huko. Dhahabu ya Geita ni ya zamani. Mgodi mkubwa wa kwanza ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Mgodi mkubwa mwingine ulifunguliwa mwaka 2000, na mwaka 2012 Geita ikafanywa mkoa. Lakini kando ya mgodi mkubwa wako wachimbaji wadogo, kama wale wa Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu. Hao huchimba kwa sururu, nyundo na tindo. Shimo wao huliita duara. Mawe hupandishwa juu katika viroba, hupondwa, husagwa kwenye karasha, kisha unga wake huoshwa mwaloni. Mchanga uliokwisha kuoshwa huitwa marudio, na wako watu wanaouosha tena ili wapate chembe zilizosalia.

Dhahabu mpya ikisikika mahali, watu humiminika kwa siku chache. Maturubai husimama, mama lishe hufika na masufuria yao, na maduka hufunguliwa. Dhahabu ikipungua, watu huhama wakaenda kwingine.

Likumbuke sana jambo hili la kuhamahama. Kijijini kila mtoto ana wenyewe. Ukimwona mtoto analia njiani, wajua ni mjukuu wa nani na nyumba yake iko wapi. Machimboni watu ni wageni wao kwa wao. Mtoto akilia, kila mtu hudhani mwenzake ndiye anayemjua.

Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto hao. Wachunguzi wake walifika kwenye machimbo 11 ya mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Walizungumza na watu zaidi ya 200, na katika hao 61 walikuwa watoto waliofanya kazi ya dhahabu. Walikuta watoto hata wa miaka 8. Walisikia habari za watoto walioshuka mashimoni, wengine kwa zamu zilizofika saa 24. Miongoni mwao walikuwamo yatima na watoto waliokosa mtu wa kuwalisha.

2. Jinsi utawala unavyozaliwa

Ili tufahamu vizuri, tutoe mfano. Tuseme yuko mtoto, tumwite Masanja. Si mtu fulani ninayemjua. Ni mfano tu. Ana miaka 12. Baba yake amekufa, mama ameolewa mbali, naye amebaki na bibi ambaye nguvu zimemwishia. Shule haidai ada, lakini sare, daftari na chakula havianguki kutoka mbinguni. Masanja amesikia kwamba machimboni fedha huokotwa chini. Siku moja hapiti njia ya shule, anadandia lori.

Siku ya kwanza anashangaa tu. Siku ya pili ana njaa. Siku ya tatu anawakuta vijana watano wanaolala chini ya turubai, nyuma ya karasha. Wanamkatia ugali. Masanja anafurahi sana, anasema moyoni, "Nimepata ndugu." Hajui kwamba ugali ule ni deni.

Mkubwa wa kambi ile ana miaka 17. Wadogo humwita kaka, na neno hilo hulitamka kwa hofu. Hakuzaliwa mkatili. Alifika hapo akiwa na miaka 11, naye alikula ugali wa deni kama Masanja. Sasa ameshika vitu vinne, na kwa vitu hivyo anatawala.

Kwanza, ameshika mahali pa kulala. Turubai ni lake. Anayemkasirisha atalala nje, na usiku wa machimboni si wa kulala nje.

Pili, ameshika soko. Mtoto hana leseni, wala hawezi kwenda kuuza dhahabu penye soko halali. Geita ina soko la madini tangu mwaka 2019, ambako dhahabu hupimwa na kuandikwa. Chembe aliyoipata Masanja katika marudio haiwezi kuandikwa huko kwa jina lake. Itapita mikononi mwa kaka, naye ataipeleka kwa mnunuzi wa vichochoroni. Kaka ndiye anayeijua bei. Masanja huambiwa tu, "Leo imetoka hivi," akapewa fedha ya chai.

Tatu, ameshika ulinzi. Mtoto mdogo akipata kitu, mtu yeyote mwenye nguvu aweza kumnyang'anya. Kaka humkinga, halafu hudai malipo ya kumkinga. Kodi hiyo haina stakabadhi wala mwisho.

Nne, ameshika siri. Anajua nani aliiba mawe katika duara la nani. Mtoto akisema anataka kwenda zake, huambiwa, "Nenda, nami nitasema." Basi hubaki.

Waona, ndugu yangu, fimbo haimo katika vitu hivyo vinne. Fimbo huja baadaye, siku ambayo mmojawapo umelegea.

Na siku hiyo haikawii. Katika kambi hukua kijana mwingine, mwenye miaka 16, ambaye naye ameanza kufahamiana na mnunuzi. Sasa ni majogoo wawili katika banda moja. Hugombania nani atakayepeleka dhahabu. Kila mmoja huwavuta wadogo upande wake, huyu kwa kuwapa soda, yule kwa kuwatisha. Mtoto aliyekula mahali pawili huitwa msaliti. Ugomvi ukiisha, anayeshinda hakumbuki kwamba wadogo walimtaka kwa kuwa aliahidi kupunguza kodi. Huiongeza, maana sasa anaogopa zaidi kuliko yule wa kwanza.

3. Kitu kinachopotea

Twasema mara nyingi kwamba mtoto wa machimboni "ameharibika". Tuangalie neno hili kwa makini. Ameharibika nini?

Kuna madhara ya mwili, nayo yaonekana. Kiroba cha mawe kinapinda mgongo ambao bado unakua. Vumbi la mawe linaingia mapafuni. Na kuna zebaki. Dhahabu iliyo katika unga hukamatwa kwa zebaki. Mtoto huikoroga kwa mikono mitupu katika beseni, hukamua donge lake katika kitambaa, kisha donge huchomwa motoni. Zebaki hugeuka mvuke usioonekana, na mvuke huo ndio sumu. Huumiza ubongo na mishipa ya fahamu, mikono ikatetemeka, akili ikasahau. Mtoto huumia kuliko mtu mzima kwa sababu ubongo wake haujakomaa. Kule Japani, katika mji wa Minamata, ugonjwa wa zebaki uligunduliwa mwaka 1956 kwa watu waliokula samaki wenye sumu hiyo, na kwa jina la mji ule mataifa yalifanya mkataba wa zebaki mwaka 2013.

Kuna pia dhuluma isiyosemwa hadharani. Wasichana wanaouza chakula au kuosha vyombo machimboni hufuatwafuatwa na wanaume, na wengine hutumiwa vibaya. Wavulana nao hawakusalimika. Katika miaka ya 1990, watu wa kituo cha Kuleana mjini Mwanza, waliofanya kazi na watoto wa mitaani, walieleza waziwazi kwamba mvulana mgeni aliweza kudhulumiwa mwili wake na wakubwa wa kundi, na hilo likahesabiwa kuwa njia ya kupokelewa. Nalisema jambo hili kwa kifupi, lakini nalisema, kwa sababu kunyamaza kwetu ndiko kunakowafaa waovu.

Kuna hasara nyingine ya jina. Katika machimbo ya tanzanite ya Mererani, watoto waliotambaa katika matundu membamba waliitwa nyoka. Mtu mzima aliweza kusema, "Tuma nyoka aingie," pasipo moyo wake kumshtaki. Ukimwita mtoto nyoka, umekwisha kujipa ruhusa ya kumwingiza shimoni.

Lakini hasara kubwa zaidi ni hii. Turudi kwa Masanja. Amekaa mwaka mzima. Amepigwa, amelia, amezoea. Siku moja anakuja mtoto mgeni wa miaka 10, ana njaa. Kaka anamwambia Masanja, "Mfundishe adabu huyu." Masanja anajua maumivu ya fimbo ile, yamo mgongoni mwake. Lakini akikataa atalala nje. Anampiga. Na baada ya kumpiga anaona wenzake wanamwangalia kwa namna nyingine, wanampisha karibu na moto. Usiku ule analala mahali pazuri kuliko siku zote.

Siku alipopigwa, Masanja alikuwa bado mtoto aliyeonewa. Siku alipopiga na kupata faida, amejifunza kwamba huruma ni gharama. Somo hilo likiingia katika moyo wa mtoto, kulitoa ni kazi ya miaka. Na baada ya miaka mitano yeye ndiye atakayekuwa kaka.

4. Visiwa viwili

Wako watu watakaosema, "Ndivyo watoto walivyo. Ukiwaacha peke yao hugeuka wanyama." Mwaka 1954 mwandishi wa Kiingereza, William Golding, alitunga hadithi iitwayo Lord of the Flies. Ni habari ya wavulana walioachwa peke yao kisiwani, wakagombania ukubwa hata wakauana. Kitabu hicho kimesomwa duniani kote, na watu wengi wamekichukua kuwa ushahidi. Lakini hadithi si ushahidi. Ni jambo lililobuniwa.

Sikilizeni jambo lililotokea kweli. Mwezi Juni 1965, katika visiwa vya Tonga, bahari ya Pasifiki, wavulana 6 wa shule walichukua mashua ya mvuvi bila ruhusa wakaenda baharini. Dhoruba ikawavunjia tanga na usukani. Walielea siku nane, wakatupwa katika kisiwa kisicho na watu, kiitwacho Ata. Walikaa huko miezi 15, mpaka Septemba 1966, nahodha Mwaustralia, Peter Warner, alipowaona.

Je, aliwakuta wameuana? La. Aliwakuta wamelima bustani, wamefuga kuku, wamechonga magogo ya kukinga maji ya mvua, na moto wao hawakuuacha uzimike. Kazi waligawana kwa zamu, wawili wawili. Wagombanao waliamriwa waende kila mmoja upande wake wa kisiwa wapoe, kisha warudi waombane radhi. Mmoja alianguka akavunjika mguu. Wenzake wakamfunga vijiti na majani, wakafanya kazi yake mpaka akapona.

Basi, kwa nini wa Ata walitunzana, na wa kambi ya Masanja wanakulana? Damu ni ile ile, umri ni ule ule. Fikiri kidogo kabla ya kuendelea kusoma.

Wavulana wa Ata walifahamiana tangu shuleni, hawakuwa wageni. Walikuwa na chakula kidogo lakini kilitosha kwa wote. Na jambo kubwa kuliko yote: pale kisiwani hapakuwa na mnunuzi. Hakuna mtu mzima aliyesimama nyuma ya mkubwa wao akisema, "Niletee kesho zaidi ya leo." Mkubwa hakupata faida yoyote kwa kumwonea mdogo.

Watoto wa machimboni hawako kisiwani. Wamezungukwa na watu wazima mchana na usiku. Yuko mwenye duara anayetaka kiroba kipandishwe kwa bei ndogo. Yuko mnunuzi asiyeuliza chembe ile imetoka mkono gani. Yuko mwenye karasha anayeona turubai na kunyamaza. Tumesema kwamba kaka ndiye mtawala. Sasa tusahihishe. Kaka ni mnyapara tu. Waajiri wa mnyapara huyo ni sisi wakubwa.

Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii huwa twaitumia kumkemea mtoto. Leo tuigeuze ituelekee. Ulimwengu huo unaomfunza Masanja ni nani, kama si wewe na mimi?

5. Wazee walifanyaje?

Asidhani mtu kwamba vijana hawafai kupewa uongozi. Katika vijiji vya Wasukuma wa zamani, vijana walikuwa na umoja wao wa kulima na kucheza ngoma, na mkubwa wao aliitwa nsumba ntale. Huyo alikuwa na madaraka ya kweli: aliwaita wenzake kazini, na aliwatoza faini wakaidi. Lakini kijiji kizima kilimjua. Kazi ya umoja ilikuwa mashamba ya watu wanaojulikana, na aliyeonewa alikuwa na wazee wa kumlalamikia.

Kwa hiyo tofauti kati ya nsumba ntale na kaka wa turubai haiko katika umri. Mmoja alitawala machoni pa wazee. Mwingine anatawala mahali ambapo wazee wamefumba macho.

6. Sheria yasemaje, nasi tufanyeje?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kazi nyepesi aweza kufanya akifika miaka 14, lakini kazi ya hatari hapana, na uchimbaji wa madini umetajwa kwa jina katika kazi za hatari. Hata mkataba wa kimataifa wa mwaka 1999 juu ya kazi mbaya kabisa za watoto, Tanzania iliuridhia. Tena sheria yamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa serikalini. Haikusema "akitaka".

Lakini sheria hailali chini ya turubai. Yafaa sisi tutende. Nitataja mambo manne, yakilingana na vile vitu vinne alivyoshika kaka.

Kaka ameshika mahali pa kulala. Basi kijiji kimpe mtoto mahali pengine. Mpelekeni kwa ofisa ustawi wa jamii, atafutiwe ndugu zake au mlezi. Kumfukuza tu machimboni si msaada. Mtoto aliyefukuzwa Nyarugusu utamkuta kesho penye machimbo mengine, akila deni jipya.

Kaka ameshika soko. Mnunuzi akatae dhahabu ya mtoto, na wenzake wamkataze anayeinunua. Siku chembe ya mtoto itakapokosa mnunuzi, ukubwa wa kaka utakosa maana.

Kaka ameshika ulinzi. Mwenye duara na mwenye karasha waseme mbele ya watu wote kwamba mahali pao mtoto hafanyi kazi na hapigwi.

Kaka ameshika siri. Mtoto apate mtu wa kumwambia bila hofu. Iko simu ya watoto, namba 116, ya bure. Yuko mwalimu. Yuko mama lishe, ambaye mara nyingi huwaona watoto hao mapema kuliko ofisa yeyote, kwa sababu huja kwake wakiwa na njaa.

Na yule kaka mwenyewe? Tusimsahau. Ana miaka 17. Kwa sheria naye ni mtoto. Aliyoyatenda ayajibu, lakini tukimtia nguvuni yeye na kumwacha mnunuzi wake akinywa chai, tumepunguza mnyapara mmoja tu, na Masanja atapandishwa cheo.

Ndugu wasikilizaji, na wewe ndugu msomaji, muda wetu umekwisha. Nakuomba jambo moja dogo. Kesho ukipita machimboni au stendi, ukamkuta mtoto amebeba mzigo unaomzidi, usipite. Muulize jina lake, jina lile alilopewa na mama yake. Kisha muulize kwao ni wapi. Kwaherini, tuonane katika somo lijalo.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Taja vitu vinne vinavyompa kaka wa kambi nguvu. Je, katika kijiji au mtaa wenu, nani aweza kumpokonya kila kimoja?

2. Kwa nini mtoto hawezi kuuza dhahabu sokoni mwenyewe? Nani hupata faida kwa jambo hilo?

3. Wavulana wa Ata walikuwa na desturi gani ya kumaliza ugomvi? Watoto wenu nyumbani wana desturi gani?

4. Mwenzetu mmoja asema, "Mtoto wa machimboni anajitafutia, mwacheni." Mwingine asema, "Wote wakamatwe." Kikundi kijadili: maneno hayo mawili yana kosa gani lililo moja?

KAZI YA WIKI

Kila mwanakikundi atafute jina la ofisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya yake, na mahali anapopatikana. Aliandike, alilete wiki ijayo. Asiyejua kuandika alishike kichwani, atalisema mbele ya wenzake.